Jedwali Lililojaa: Uchambuzi wa Kisa cha Ruta Moja ya Dar es Salaam

Kisa hiki kilitokea katikati ya mwaka 2024 katika kampuni ndogo ya kusambaza intaneti yenye ofisi yake Posta, Dar es Salaam, ambako nilikuwa mmoja wa mafundi watatu wa mtandao. Kwa muda wa wiki mbili tuliitafuta hitilafu mahali ambapo haikuwapo: tulipima kebo, tukagombana na wauzaji wetu wa jumla, hata tukalipia nyongeza ya uwezo kwenye kiungo ambacho kilikuwa hakijafika nusu. Tatizo lilikuwa ndani ya chipu moja ya kumbukumbu ambayo ruta huitumia kuamua kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni, ielekee wapi, na ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kuuliza imebakiza nafasi ngapi.

Chanzo cha mbali ni tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika katika kipande cha kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kusuasua. Kampuni yetu ilikuwa na muuzaji mmoja wa jumla, na kutoka kwake tulikuwa tukipokea orodha fupi tu ya njia pamoja na njia ya msingi, ambayo ndiyo humwambia ruta kwamba kila asichokijua akitupe upande huo. Tulikuwa pia tumeunganishwa na TIX, kituo cha hapa Dar es Salaam ambako mitandao ya ndani hubadilishana pakiti bila kuzitoa nje ya nchi. Baada ya msukosuko wa Mei, uongozi uliamua kwamba hatutategemea tena upande mmoja, tukaongeza muuzaji wa pili ambaye njia yake ilipita nchi kavu hadi Mombasa. Sisi mafundi, kwa kutaka ruta ichague yenyewe upande ulio bora kwa kila mahali duniani, tukawaomba wauzaji wote wawili watuletee jedwali zima la njia za IPv4, ule mfumo wa zamani wa anwani za intaneti. Kisha tukaiondoa njia ya msingi, kwa hoja kwamba anayejua barabara zote hahitaji kibao cha kumwonyesha barabara kuu. Hoja hiyo niliitoa mimi.

Siku chache baadaye simu zilianza, na zote zilikuja kuanzia saa mbili usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Mteja mmoja mwenye duka la vipuri Kariakoo, ambaye hufunga mahesabu yake usiku, alilieleza tatizo vizuri kuliko kifaa chetu chochote cha upimaji: "Kaka, WhatsApp inaenda, YouTube inaenda, ila benki ndiyo haifunguki. Mzigo wangu umeshikiliwa hapa mpaka malipo yaonekane." Tulipojaribu kuifikia tovuti ya benki hiyo, ambayo seva zake ziko hapahapa mjini na hupatikana kupitia TIX, pakiti zilichukua zaidi ya milisekunde 150 badala ya mbili au tatu za kawaida. Ufuatiliaji wa hatua ulionyesha pakiti zikitoka Posta, zikienda London, kisha zikirudi Dar es Salaam kwenye jengo ambalo ungeweza kulifikia kwa miguu kabla chai haijapoa. Tovuti nyingine, hasa za mitandao midogo ya nje, zilipoteza pakiti moja katika kila tano. Viungo vyetu vyote viwili vilikuwa vimetulia, lakini kichakataji cha ruta kilikuwa kimepanda hadi asilimia 97.

Mseto huo wa dalili ndio uliotupoteza. Kiungo kikijaa, wateja wote huumia pamoja, ilhali hapa mahali pamoja palikuwa pazima na mahali jirani palikuwa pagonjwa, na mgawanyo wao haukufuata nchi wala kampuni wala upande wa kebo.

Kazi ambayo ruta hupewa kwa kila pakiti

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kuanza na kazi yenyewe. Tangu mwaka 1993, intaneti ilipoachana na mgawanyo wa anwani kwa madaraja na kuanza kutumia viambishi vya urefu wowote, ruta haiwezi kujua mapema ni biti (tarakimu za sifuri na moja) ngapi za mwanzo wa anwani ndizo zenye maana. Jedwali linaweza kuwa na kiambishi 198.18.40.0/22, kinachobeba anwani zote ambazo biti zake 22 za mwanzo zinafanana, na ndani yake kukawa na 198.18.42.0/24 kinachoelekezwa upande mwingine kabisa. Pakiti inayokwenda 198.18.42.7 inaingia katika vyote viwili, na kanuni inasema kwamba mrefu zaidi ndiye mwenye haki. Ruta basi haitafuti kinachofanana tu, bali inatafuta kirefu kuliko vyote vinavyofanana, miongoni mwa viambishi ambavyo mwaka huo vilikuwa zaidi ya 940,000.

Muda wa kufanya hivyo ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa zikija mfululizo, inafika pakiti moja kila nanosekunde 67, sawa na pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Kwenye gigabiti 100 muda huo unashuka hadi chini ya nanosekunde 7. Kumbukumbu ya kawaida ya DRAM, ile iliyomo katika kila kompyuta, huhitaji takriban nanosekunde 50 kutoa neno lililo mahali popote. Mtu akipanga viambishi katika mti wa biti mojamoja, ambapo kila biti ya anwani humwambia apinde kushoto au kulia, anaweza kulazimika kuigusa kumbukumbu mara 32 kwa anwani moja. Mara 32 kwa nanosekunde 50 ni nanosekunde 1,600, na ruta ya namna hiyo haitafikisha hata pakiti laki saba kwa sekunde. Kwa hiyo, anayebuni kumbukumbu ya ruta huanza kwa kuhesabu miguso: kumbukumbu inaguswa mara ngapi kwa kila pakiti, na kila mguso unagharimu nini. Ukubwa wa jedwali huja baadaye, ingawa katika kisa chetu ndio ulioleta balaa.

Ruta yetu, ambayo kampuni ilikuwa imeinunua ikiwa imeshatumika kwingine, ilitumia njia ya kale na ya kifahari, kumbukumbu ya TCAM. Kumbukumbu ya kawaida unaipa namba ya mahali nayo inakupa kilichomo. TCAM unaipa kilichomo nayo inakwambia mahali. Kila seli yake hushika mojawapo ya hali tatu: sifuri, moja, au "yoyote ile", na hiyo ya tatu ndiyo inayoiwezesha kuandika kiambishi cha biti 22 ndani ya nafasi ya biti 32. Anwani inapoingia, nafasi zote hujilinganisha nayo kwa wakati mmoja, na saketi ya kipaumbele humchagua mshindi aliye juu zaidi katika orodha, ndiyo maana virefu hupangwa juu ya vifupi. Ni kama kusimama katikati ya mtaa wa vipuri Kariakoo na kuita, "Nani ana beringi ya namba hii?", kisha maduka yote yakajibu kwa sauti moja na ukamchagua yule aliyeitaja namba kamili hadi tarakimu ya mwisho. Jibu linapatikana kwa mguso mmoja tu.

Ubaya ni kwamba maduka yote hulazimika kufungua masikio kwa kila mteja, hata lile la mbali kabisa lisilouza beringi. Seli ya TCAM huchukua takriban transista 16, ikilinganishwa na 6 za seli ya SRAM, kumbukumbu yenye kasi kuliko DRAM, na moja pamoja na kapasita katika DRAM. Na kwa kuwa zote huamka kwa kila ulinganisho, chipu hiyo hula umeme mwingi na kutoa joto jingi. Kwa mtu anayelipia kiyoyozi cha chumba cha mitambo katika joto la Dar es Salaam, na mafuta ya jenereta umeme ukikatika, hilo ni la kuingizwa kwenye mahesabu ya kila mwezi. Umeme pia ndio unaozuia watengenezaji kuongeza nafasi za TCAM kiholela, na ndiyo sababu ya mipaka ambayo ruta kama yetu ilizaliwa nayo.

Namba isiyobadilika

Aliyegundua chanzo ni kijana wa zamu ya usiku, ambaye hakuwa na cheo cha kumfanya aogope kuuliza swali la kijinga. Aliweka pamoja hesabu mbili: idadi ya viambishi ambavyo programu ya ruta ilisema inavifahamu, na idadi ya viambishi vilivyoandikwa kwenye chipu. Ya kwanza ilipanda na kushuka kila dakika, kama inavyopaswa, juu ya 940,000. Ya pili ilikuwa 917,504, na ilibaki 917,504 jioni ile, asubuhi yake, na kesho yake. Namba ya mtandao ulio hai haikai kimya namna hiyo. Alipoigawa kwa 1,024 akapata 896 kamili, bila baki.

Chipu ile ilikuwa na nafasi 1,048,576 kwa jumla, na mtu aliyeisanidi zamani alikuwa amezigawa: 896 mara 1,024 kwa IPv4, na zilizobaki kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani, ambao kila kiambishi chake hula nafasi mbili kwa sababu anwani yake ina biti 128. Mgawanyo huo ulitutosha miaka yote tulipokuwa tukipokea orodha fupi. Jedwali zima lilipoingia, viambishi vya kwanza 917,504 vilipata viti, na vilivyochelewa vikabaki nje. Ruta iliandika onyo mara moja katika kumbukumbu zake za matukio, katikati ya maelfu ya mistari mingine, kisha ikaendelea na kazi.

Kuanzia hapo dalili zote zilieleweka, na nadhani sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kwa fundi mwingine. Kiambishi kilichokosa kiti kiliweza kuangukia katika moja ya hali mbili. Kama hapakuwa na kiambishi kingine kifupi kinachokifunika, chipu ilikosa jibu na pakiti ikapelekwa kwa kichakataji ili itafutwe na programu, na kichakataji hicho hakikuweza zaidi ya pakiti laki chache kwa sekunde. Mchana kilimudu, lakini usiku kilizidiwa, na pakiti zikadondoka. Kama njia ya msingi ingekuwapo, pakiti hizo zingeifuata tu bila mtu kulalamika. Kuiondoa kwetu ndiko kulikozigeuza kuwa mzigo wa kichakataji. Lakini kama kiambishi kilichokosa kiti kilikuwa ndani ya kingine kifupi kilichokwishakaa, hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu chipu ilipata jibu, ikalitoa kwa kasi ileile, na jibu lenyewe lilikuwa la makosa.

Hicho ndicho kilichoipeleka benki London. Mtandao wake ulikuwa ukitangaza kiambishi chake cha /22 kwa dunia nzima, na kile cha /24 kwa majirani wa TIX pekee. Muunganiko wetu na TIX ulikuwa umeanzishwa upya baada ya jedwali kubwa kuingia, kwa hiyo viambishi vya ndani, vichache na vyenye thamani kuliko vyote kwa wateja wetu, vilifika mlangoni vya mwisho na kukuta ukumbi umejaa. Ile /22 ilikuwa ndani, /24 ilikuwa nje. WhatsApp na YouTube ziliendelea vizuri kwa sababu viambishi vyao vilikuwa miongoni mwa vile vya orodha fupi ya zamani, vyenye viti vyake tangu awali.

Hatukuwa wa kwanza. Tarehe 12 Agosti 2014, jedwali la IPv4 la dunia lilipovuka takriban 512,000 baada ya mtandao mmoja mkubwa wa Marekani kuachia kwa muda maelfu ya viambishi vidogovidogo, ruta nyingi zilizokuwa na mgawanyo wa namna hiyohiyo zilijaa kwa siku moja, na huduma zikayumba katika nchi kadhaa. Sisi tulikuwa na miaka 10 ya kujifunza kutokana na tukio hilo.

Dawa ya usiku ule na dawa ya kudumu

Usiku huohuo tulirudisha njia ya msingi na kuwaomba wauzaji watuletee orodha fupi tu kwa muda. Ilipofika saa tisa usiku tulibadilisha mgawanyo wa chipu ili IPv4 ipate 1,000 mara 1,024, tukaizima ruta na kuiwasha, kwa kuwa mgawanyo huo haubadiliki ruta ikiwa hai. Benki ilirudi kwenye milisekunde 2. Lakini mgawanyo mpya uliiachia IPv6 viambishi visivyofika 13,000, wakati jedwali zima la IPv6 duniani lilikuwa takriban 200,000, na nafasi tulizoipa IPv4 zilikuwa 1,024,000 dhidi ya jedwali lililokuwa likinusa milioni moja. Ukichukua mahitaji yote mawili, 940,000 za IPv4 na mara mbili ya 200,000 za IPv6, unapata 1,340,000, na chipu ni 1,048,576. Hakuna mgawanyo wowote unaoweza kuitosheleza hesabu hiyo. Ni shuka fupi: ukivuta kichwani, miguu inabaki nje.

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kununua ruta kubwa yenye TCAM pana zaidi, na bei yake iliufunga mjadala haraka. La pili lilikuwa kulibana jedwali lenyewe. Kampuni yenye pande tatu tu za kutokea haina haja ya kukumbuka viambishi viwili jirani vya /24 vinavyokwenda upande mmoja. Inaweza kuviunganisha kuwa /23 kimoja, na kuendelea hivyo kupanda juu ya mti. Tangu mwaka 1999 kuna kanuni iliyothibitishwa ya kupata jedwali dogo kabisa linalotoa majibu yaleyale. Nililipenda wazo hili na bado nalipenda, lakini lina mtego wake. Jirani mmoja wa kile kilichounganishwa akibadilisha upande, ni lazima kundi livunjwe, na siku ambayo kebo inakatika na maelfu ya viambishi vinahama kwa mpigo, jedwali lililobanwa hufumuka ghafla, tena wakati ambao nafasi zinahitajika kuliko wakati wowote. Kwa kampuni iliyoanza safari hii kwa sababu ya kebo kukatika, nililiona ni kujenga paa linalovuja siku za mvua tu.

Tuliishia kwenye pendekezo la tatu, ambalo ni kuhamisha utafutaji wa njia kutoka TCAM hadi kwenye kumbukumbu ya kawaida ya seva, kwa kutumia muundo unaopunguza miguso. Mwaka 1998 Pankaj Gupta, Steven Lin na Nick McKeown wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba mtu akikubali kupoteza kumbukumbu ya bei nafuu, anaweza kununua kasi. Wazo lao ni jepesi mno hivi kwamba mtu hujiuliza kwa nini lilichelewa. Karibu viambishi vyote vya intaneti havizidi biti 24. Tengeneza basi safu yenye visanduku 16,777,216, kimoja kwa kila mchanganyiko wa biti 24 za mwanzo, na katika kila kisanduku andika jibu moja kwa moja.

Chukua ile anwani 198.18.42.7. Namba ya kisanduku chake ni 198 mara 65,536, ongeza 18 mara 256, ongeza 42, jumla 12,980,778. Ruta inakwenda kwenye kisanduku hicho, inasoma, imemaliza: mguso mmoja. Kiambishi 198.18.40.0/22 huandikwa katika visanduku vinne mfululizo, kisha /24 ya TIX hufuta kimoja kati ya hivyo na kuandika jibu lake. Kiambishi cha /8 hurudiwa katika visanduku 65,536, jambo ambalo linaonekana kama ufujaji wa aibu, lakini kwa baiti 2 kwa kisanduku safu nzima ni megabaiti 32 tu, na katika DPDK, maktaba ya programu za kushughulikia pakiti tuliyoitumia sisi, yenye baiti 4 kwa kisanduku, ni megabaiti 64. Seva yetu ilikuwa na gigabaiti 32. Zile baiti za ziada zina kazi: pamoja na jibu, kila kisanduku huhifadhi urefu wa kiambishi kilichokiandika, ili kikija kifupi zaidi baadaye kisithubutu kumfuta mrefu. Na viambishi vichache vinavyozidi biti 24 hupewa safu ya pili: kisanduku cha kwanza, badala ya jibu, hushika namba ya kundi la visanduku 256, na biti nane za mwisho za anwani huchagua kimoja ndani yake. Huo ni mguso wa pili, na hakuna wa tatu.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba ukubwa wa safu ya kwanza hautegemei idadi ya viambishi. Jedwali likiwa na viambishi laki moja au milioni mbili, megabaiti ni zilezile 64. Ile siku ya kujaa, kwa safu hiyo, haipo.

Tulifanya kosa moja wakati wa majaribio. Kipimo cha kwanza kilituonyesha seva ikisukuma pakiti kwa kasi kamili ya kiungo, tukashangilia, hadi mmoja wetu alipoona kwamba kifaa cha kupimia kilikuwa kikituma pakiti zote kwenda anwani moja. Kisanduku kilekile kilikuwa kikisomwa tena na tena, kikiwa tayari kimekaa ndani ya kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyomo ndani ya kichakataji, na DRAM haikuguswa kabisa. Tulipozitawanya anwani kwa bahati nasibu katika jedwali zima, kasi ilishuka kwa zaidi ya theluthi. Sehemu kubwa tuliirudisha kwa kuzishughulikia pakiti kwa mafungu: programu inaomba visanduku vya pakiti nane kwa mkupuo, na wakati DRAM inahangaika kuvileta vyote, muda wa kusubiri mmoja unafunikwa na mwingine. Kisha tulicheza upya orodha ya anwani za jioni moja ya kweli, na kasi ikakaribia ile ya mwanzo, kwa kuwa wakazi wa Sinza na Mbezi saa tatu usiku hawatembelei intaneti yote. Wanakwenda mahali pachache palepale, na visanduku vya mahali hapo havitoki kwenye kashe.

Kwa IPv6 hesabu hii haina msaada, kwani viambishi vyake vingi hufikia biti 48 na hakuna anayeweza kununua safu ya visanduku vya biti 48. Hapo inabidi kurudi kwenye mti, ila wenye hatua pana, yaani biti kadhaa kwa mpigo, na uliobanwa. Mikael Degermark na wenzake wa Luleå, Uswidi, walikwishaonyesha mwaka 1997 jinsi ya kulibana jedwali la viambishi takriban 40,000 hadi baiti zisizofika 200,000 kwa kutumia mstari wa biti unaoonyesha tu mahali ambapo jibu linabadilika, kisha kuhesabu moja zilizotangulia ili kujua jibu liko wapi. Ruta kubwa za kiwandani hufuata jamaa wa wazo hilo, ambamo kila kifundo, yaani kila mahali mti unapogawanyika, cha hatua ya biti nne hubeba biti 15 za viambishi vinavyoishia humo na biti 16 za watoto wake, na watoto wote hukaa bega kwa bega ili kiashiria kimoja kiwatoshe. Kila ngazi ya mti hupewa benki yake ya SRAM, na pakiti hupita ngazi kwa ngazi kama abiria wa mwendokasi wanaopishana vituoni: safari ya mmoja ni ndefu, lakini kila kukicha kuna anayeshuka. Sisi hatukuhitaji kufika huko. Tuliridhika na hatua za biti nane katika DRAM, kwa kuwa pakiti zetu za IPv6 zilikuwa chache.

Seva ilianza kazi mwezi Agosti. Wiki ya pili mteja wa Mikocheni aliyeunganishwa siku hiyo hakupata intaneti, na wateja waliomfuata nao hawakupata. Kosa lililoandikwa lilisema hakuna nafasi. Nilibaki nikiitazama seva yenye gigabaiti 32, nusu yake haijaguswa. Jedwali la dunia halikuhusika. Tatizo lilikuwa safu ya pili: mfano wa programu tulioanzia ulikuwa umetenga makundi 256 pekee ya viambishi virefu, na sisi kwa miaka tulikuwa tukimpa kila mteja wa biashara kiungo cha /30 katika anwani za ndani, tukizipanga kwa namba ya mnara na namba ya mteja, kiasi kwamba karibu kila /30 iliketi peke yake ndani ya /24 yake. Kila mmoja wao alikula kundi zima la visanduku 256 kwa ajili ya anwani nne. Mteja wa Mikocheni alikuwa wa 257.

Kundi moja ni kilobaiti 1. Tuliyaongeza hadi 4,096, sawa na megabaiti 4, tukaiwasha upya programu, na mteja akapata huduma kabla ya saa sita mchana. Kupanga upya anwani za ndani ili viungo 64 vya /30 vikae katika /24 moja kulituchukua miezi miwili, kwa sababu kila badiliko lilihitaji fundi apande mnara au ampigie mteja simu. Siku hizi chumba cha uangalizi kina mistari mitatu ya ziada kwenye skrini ya ukutani: makundi yaliyotumika, viambishi vinavyofahamika, na viambishi vilivyoandikwa, miwili ya mwisho ikitofautiana kwa zaidi ya dakika moja, kengele hulia. Ruta ya zamani bado iko kwenye raki ileile, ikigawa njia za ndani zisizofika 3,000, na chipu yake ya TCAM inaendelea kupasha chumba joto kama kawaida.